Kusimulia habari za kale za Kilwa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Sisi ni watu wachache tunaosimulia habari za kale wilayani Kilwa: Kisiwani kwenye magofu, Kivinje chini ya miembe, Masoko shuleni, na mara nyingi barazani kwa mtu aliyetukaribisha. Maswali haya yametoka kwa walimu, waongoza wageni, wanafunzi, na vijana wa Mikindani, Pangani na Ujiji wanaotaka kufanya kazi kama hii kwao. Tunajibu kwa tuliyoyaona kazini.

Mbona hamwanzi na "Paukwa, pakawa"?

Kwa kuwa kianzio kile kina masharti yake. Msimulizi akiita "Hadithi, hadithi!" na watu wakaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", wameshaafikiana kwamba hapo sungura atasema, fisi ataoa, na hakuna atakayedai ushahidi. Ni makubaliano mazuri, nasi wenyewe tumelelewa nayo. Lakini tukikaa Kivinje penye Mwembe Kinyonga kuzungumza habari za Hassan bin Omari Makunganya, aliyepigana na Wajerumani wakamnyonga mwaka 1895, hatuwezi kuualika uongo kwa mlango wa mbele.

Sisi huanza hivi: "Habari hizi nimezipata kwa fulani, naye alizipata kwa fulani." Watu wa pwani hawashangai kusikia hivyo, maana madrasa wamezoea: amepokea fulani kutoka kwa fulani. Msikilizaji akishajua habari imepita midomo mingapi, anajua pia aishike kwa uzito gani. Na kinyume na wengi wanavyodhani, utamu haupungui. Watu husogea karibu zaidi.

Nianzie wapi? Mwaka gani?

Mwaka uache kwanza. Tafuta kitu ambacho msikilizaji anaweza kukigusa, kisha muulize swali.

Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman kule Kisiwani, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya mwamba unaotazama bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Ukiwaambia watoto hayo, watapiga miayo. Lakini waingize ndani uwaulize: "Mbona chumba cha sultani ni kirefu namna hii, na upana wake ni kama kichochoro?" Hapo kila mtu ana jibu. Watu wa kale walikuwa wembamba. Sultani aliishiwa fedha. Waache wabishane, kisha lete boriti moja ya mkoko uilaze chini, ukutani mpaka ukutani. Dari ilikuwa ya mawe na chokaa, nzito, na kilichoibeba ni boriti kama hii. Urefu wa mti wa mkokoni ndio uliokata upana wa chumba cha mfalme. Baada ya hapo hata mwaka wanautaka wenyewe.

Sarafu nazo zina nguvu hiyo. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, ndogo, na maandishi ya upande mmoja yana kina na ya upande wa pili, kama mishororo miwili ya shairi. Mtu wa kwetu akisikia kwamba pesa ya babu zake ilikuwa na vina, hutabasamu bila kuambiwa atabasamu. Kisha mwambie kwamba sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa Great Zimbabwe, mbali kabisa bara, huko ilikopita dhahabu kwenda bandari ya Sofala. Na nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko? Hakuna aliyelithibitisha hilo, na swali lililo wazi ni zawadi kwa msimulizi.

Hadithi ya nguo iliyozunguka kisiwa ni ya kweli?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote. Kwa asiyeijua: Ali, mwana wa mfalme wa Shiraz kule Uajemi, alifika kwa jahazi akaikuta Kilwa ina mwenyewe, mzee ambaye masimulizi ya Kiswahili humwita Mrimba. Mzee akakubali kukiuza kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Nguo zikatandazwa, mzee akahamia bara. Siku hizo maji yakipwa watu walivuka kwa miguu, na mzee alikusudia kurudi kwa vita. Waliochukua kisiwa wakaukata mlango huo wa maji. Masimulizi ya Kiarabu yanasema walichimba, ya Kiswahili yanasema ilisomwa Kurani na kutolewa sadaka mpaka bahari ikaacha kupwa pale.

Habari hii ni ya zamani sana katika maandishi. Ipo katika kitabu cha Kiarabu cha habari za Kilwa cha karne ya 16, na Mreno João de Barros aliitia habari za wafalme wa Kilwa katika historia yake iliyochapwa mwaka 1552.

Wanaakiolojia wengi, kwa miaka mingi, waliitilia shaka habari ya Shiraz, na walikuwa na haki. Vyungu vilivyochimbuliwa, lugha, namna ya kujenga, vyote vinasema mji ulikua kutoka kwa watu wa hapa hapa. Halafu mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, hasa katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Wengi wao walikuwa wamechanganya damu. Upande wa mama ulikuwa karibu wote wa Afrika, na damu ya Asia, hasa ya Uajemi, ilipitia kwa wanaume. Mchanganyiko huo ulianza kwenye mwaka 1000 hivi.

Sasa rudi kwenye hadithi. Katika masimulizi ya Kiswahili, mgeni alimwoa binti wa mzee Mrimba. Wasimulizi wengi humpita binti huyo mbio mbio ili wafike kwenye nguo. Kwa maoni yangu yeye ndiye hadithi yenyewe. Wakazi wa mji walimwita mama, na lugha tunayosema ni ya upande wake. Nguo kukizunguka kisiwa, hilo siwezi kulithibitisha, wala sisemi lilitokea. Ninachosema ni kwamba watu wa Kilwa walitaka ikumbukwe kuwa ardhi hii ilikuwa na mwenyewe, na mgeni aliingia kwa biashara na kwa ndoa.

Ukiweza, isimulie siku za bamvua. Maji yakipwa sana, mwambie msikilizaji autazame mlango wa bahari kati ya Kisiwani na bara, kisha mwache anyamaze kidogo.

Wazee wawili wanapingana. Nimfuate nani?

Wasimulie wote wawili. Usiwachanganye ukapata habari ya tatu isiyo ya mtu. Sema: "Upande wa Kivinje wanasema hivi, watu wa Umatumbi wanasema vile." Mara nyingi tofauti yenyewe ina siri. Anayetoka katika ukoo wa akida, yule msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, na anayetoka katika ukoo wa waliochapwa na akida hawawezi kuikumbuka siku moja kwa namna moja, na msikilizaji mwenye akili atajiuliza kwa nini.

Naenda kumhoji mzee. Niende vipi?

Siku ya kwanza usiende kuhoji. Piga hodi, toa shikamoo, kaa uulizwe wewe: mtoto wa nani, wa kutoka wapi, umefuata nini. Ukipewa kahawa, kunywa. Ukimkuta anashona wavu, shika upande mmoja. Mzee anayekupima siku ya kwanza hajakunyima kitu, anataka kujua maneno yake yatafikia mikono ya nani.

Siku ya pili omba ruhusa ya kurekodi, na ukiambiwa hapana iwe hapana. Simu ya kawaida inatosha kabisa. Iweke mbali na upepo, uzime redio ya jirani kwa adabu.

Usiulize "Historia ya kijiji hiki ni ipi?" Swali hilo humfanya mzee aongee kama risala ya mgeni rasmi. Uliza vitu vidogo. Kisima cha zamani kilikuwa wapi? Mwaka wa njaa mlikula nini? Mti huu ulipandwa na nani? Kwa nini pale panaitwa vile? Bibi mmoja wa Kivinje alituambia hajui lolote la zamani, muulizeni mume wangu. Tukamwuliza nyimbo walizokuwa wakiimba wakitwanga. Tuliondoka jua linakuchwa, na mumewe alikaa akimsikiliza kama mgeni.

Kama lugha yake ya moyoni ni Kimatumbi au Kingindo, mwache aseme kwayo, na mjukuu akusaidie kufasiri. Kuna mambo ambayo akiyatia Kiswahili yanapoa.

Kisha rudi. Hili ndilo linalosahauliwa. Rudi umsikilizishe ulichorekodi, umwulize kama ndivyo alivyokusudia, na umpe nakala mtu wa nyumba yake.

Naruhusiwa kutia chumvi?

Chumvi ndiyo, nyama ya kubuni hapana. Jua kali, harufu ya ngalawa iliyopakwa sifa, yale mafuta ya papa, sauti ya kusi usiku, hivyo unavijua na ni vya hapa hapa, vitie. Sauti yako, mikono, kunyamaza, wimbo katikati, hivyo ni haki yako. Lakini usimtie mtu wa kweli maneno ambayo hakuna aliyeyapokea. Ukihitaji mazungumzo, sema wazi: "Nadhani alimwambia mkewe hivi." Neno hilo moja, nadhani, linakuokoa wewe na linamwokoa marehemu.

Mambo machungu, kama utumwa, tuyaseme mbele za watu?

Tuyaseme. Ila kuna namna.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Alisimulia habari moja ya Sultani al-Hasan, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ijumaa moja sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akarudi ndani, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Watu wakamsifu sana. Mwanawe akazichukua zile nguo kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia watu wanavyoshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kwa miaka tuliisimulia habari hii mlangoni mwa Msikiti Mkuu kama habari ya ukarimu, na ilipendwa. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili akauliza: "Wale ishirini walikuwa akina nani?" Hakuna kati yetu aliyekuwa na la kusema. Tangu hapo swali lake limekuwa sehemu ya masimulizi. Tunasifu nguo, tunafika kwenye hesabu, kumi na kumi, kisha tunauliza alivyouliza yule binti. Hawana majina katika kitabu. Walikuwa na mama zao, na lugha zao, na walitoka mahali. Sultani abaki karimu kama alivyoonekana na wakati wake, na wale ishirini nao wawepo pale mlangoni.

Vivyo hivyo mwaka 1776, sultani wa Kilwa alipopatana na Mfaransa aitwaye Morice kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Anayesimulia utumwa kana kwamba wauzaji wote walitoka nje anawadhulumu waliouzwa.

Namna yenyewe ni hii: asili ya mtu haitajwi hadharani. Mimi nilikosa. Nilikuwa Kivinje nikieleza misafara iliyoteremka kutoka Ziwa Nyasa, nikanyoosha kidole upande wa mtaa fulani na kusema waliobaki waliishi kule. Mama mmoja mtu mzima akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka bila neno. Nilimfuata kesho yake kumwomba radhi. Alinisamehe, lakini sijalisahau. Simulia njia, soko, bei, mnyororo, bahari. Ukoo wa mtu mwache mwenyewe autaje akitaka.

Mnasema Kinjikitile aliingia majini akatoka mkavu. Mnaamini?

Tunasimulia kama walivyosimulia waliokuwepo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikuwa vijijini wakiandika maneno ya wazee walioiona vita ya Maji Maji kwa macho yao, miaka 63 baada ya kuanza kwake. Wazee hao wote wametangulia, na laiti kazi ile isingefanywa tungebaki na maandishi ya maofisa wa Kijerumani peke yake. Waliosimulia habari za Ngarambe, kijijini kwake, walisema Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji ya dawa kabla ya vita, alichukuliwa na pepo Hongo, akaingia kwenye maji, jamaa zake wakamtafuta wasimwone, na siku ya pili akatoka nguo hazijalowa. Walisema hivyo, nasi tunasema walisema hivyo.

Kinachonisumbua ni namna wengi wanavyoimaliza habari hii: "Wakaamini risasi zitageuka maji, wakafa." Watoto hucheka hapo. Wanawacheka babu zao. Kosa ni la msimulizi aliyeanzia kwenye dawa.

Sisi tunaanzia kwenye pamba. Shamba la pamba la kulazimishwa, akida, kiboko, na mahindi yako mwenyewe yanaliwa na nguruwe kwa sababu uko kwenye pamba ya Serikali. Kisha tunauliza: Wamatumbi, Wangindo, watu wa Rufiji, ambao hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja, wangeunganishwa na nini? Hapo ndipo maji yanaingia, na kila aliyekunywa amefungamana na mwenzake asiyemjua. Mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete, pamba iling'olewa. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita haijamaliza wiki mbili. Ikaendelea bila yeye hadi 1907.

Na tunamalizia kwenye njaa. Majeshi yalichoma ghala na mashamba, na njaa iliua wengi kuliko risasi. Hesabu ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000, na wanahistoria wengine wanafika 300,000. Ukisimulia hivyo hakuna anayecheka.

Wazee wetu wamekwisha. Tumechelewa?

Mmechelewa kwa mengine, si kwa yote. Majina ya mahali yapo. Makaburi yapo. Kuna nyimbo za unyago na za harusi ambazo kinamama wanaziimba bado, na ndani mnatajwa watu na vita na njaa ambazo hakuna aliyeziuliza. Nahodha anajua majina ya miamba, na kila mwamba una jahazi lake lililovunjika. Hati za mashamba, daftari la nikahi msikitini, picha ya studio iliyotundikwa sebuleni. Anza na hivyo.

Mimi ni mwalimu. Nina dakika 40 na wanafunzi 70.

Jambo moja, kitu kimoja, swali moja. Wape kazi ya nyumbani ya kuuliza nyumbani kwao, na siku ya pili wanafunzi watatu wasimulie wakitaja nani kawaambia. Ukiwapeleka magofuni, kibali kinapatikana Masoko kabla ya kuvuka, na wambie mapema: kigae cha chungu kinatazamwa, kinarudishwa pale pale kilipokuwa. Kikishatoka mahali pake hakisemi tena.

Ninaishi Ulaya. Nitasimuliaje historia ya kwetu nikiwa mbali nako?

Huenda uko karibu nayo kuliko unavyodhani. Kama uko Lisbon, nenda kwenye jumba la makumbusho la taifa la sanaa za kale. Kuna chombo cha kanisa cha dhahabu kinachoitwa cha Belém, kilichofuliwa mwaka 1506. Dhahabu yake ni kodi ambayo Vasco da Gama aliitoza Kilwa mwaka 1502 kwa kitisho cha mizinga. Simama na mwanao mbele yake, umsimulie dhahabu hiyo ilitoka wapi.

Kama uko Berlin, makumbusho ya mambo ya asili yana mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ilichimbwa Tendaguru, mkoani kwetu Lindi, kati ya 1909 na 1913, miaka miwili tu baada ya Maji Maji kwisha. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani, siku kadhaa za mwendo, mpaka bandarini Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru alipewa jina lake katika sayansi, Australodocus bohetii. Mtoto wako akiuliza nani aliwatoa mijusi hawa ardhini, mtajie Boheti kwanza.

Mmekosea. Bibi yangu alisimulia vingine.

Njoo utusimulie. Tuambie bibi aliitwa nani, alizaliwa kijiji gani, na yeye aliambiwa na nani. Kama alikuwa na wimbo wake, uje nao hata kama umebaki ubeti mmoja. Tutaweka maneno yake kando ya yetu, na kikao kitakachofuata tutayasema kwa jina lake, ukiruhusu. Siku za bamvua huwa tuko Kisiwani asubuhi, maji yakipwa. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, tutafute Kivinje, jioni baada ya alasiri.